Manjano Ndani ya Rejeta

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama getini kwa gereji, kitambaa cha grisi mkononi, namwangalia mdogo wangu akishuka kwenye gari la bluu na kunirushia ufunguo huku anacheka. Niliwaambia nilishindwa kuudaka. Ukaanguka chini, na mimi nikabaki nalikodolea macho gari.

Kwa waliochelewa kufika: gari lile nilikuwa nalijua. Miaka miwili nyuma, dalali mmoja tuliyemwita Sukari kwa utamu wa mdomo wake aliniletea likiwa hoi, akaniomba nilipendezeshe apate kuliuza. Nikalipendezesha. Injini ilikuwa inagonga, nikaijaza oili nzito na dawa ya kuinyamazisha. Rejeta ilikuwa inavuja, nikaiziba kwa unga wa manjano ya mchuzi, mkebe mzima, kwa sababu manjano yakikutana na maji ya moto huvimba na kukaa kwenye ufa. Halafu kile kitaa chekundu cha oili kwenye dashibodi, ambacho kilikuwa kinawaka kila gari likisimama, nikakikata waya wake nikauunganisha na waya wa kitaa cha betri. Ukiwasha gari, kinawaka. Injini ikinguruma, kinazimika. Oili iwe inapanda au haipandi, chenyewe kimya.

Sukari aliliuza siku ya tatu. Sikuuliza limekwenda kwa nani. Nimekuja kujua kwamba lilipita mikono mitatu kabla ya kufika kwa mtu niliyembeba mgongoni akiwa mchanga.

Baadhi yenu mmeniandikia. Mmoja ameniita nyoka, na sina ubishi naye. Mwingine, mama mtu mzima kwa mwandiko wake, aliandika neno moja tu katikati ya karatasi: "Ulimwambia?" Nisikilizeni basi, halafu mtaniita mnavyotaka.

Mdogo wangu wa kike ni fundi cherehani. Tangu utotoni tunamwita Bobini, kwa sababu hatulii mahali pamoja. Gari hilo hakulinunua kwa kuringia watu. Aliuza mashine mbili kati ya tatu alizokuwa nazo, akabaki na ile kuukuu ya kukanyaga kwa miguu.

Mama yetu figo zimemchoka. Kila Jumanne na Ijumaa lazima awe hospitali saa mbili asubuhi, kiti namba nne, asafishwe damu kwa mashine. Ukichelewa nusu saa, kiti anapewa anayengoja mlangoni. Na mama akikosa siku moja tu, miguu inajaa maji na pumzi anazivuta kwa kuzitafuta. Alikuwa ameshakosa mara mbili kwa ajili ya mabasi. Mara ya pili alianguka kituoni mbele za watu, na Bobini ndiye aliyekuwa naye.

Kwa hiyo mjue gari lile lilikuwa ni nini kwao.

Siku ile aliyolileta alifungua boneti mwenyewe, akaniita nisogee. Alikuwa na karatasi, kaandika maswali yake kwa mpangilio kama vipimo vya mteja. Akaniambia jirani yao, dereva mstaafu, amemshauri kwamba gari lililotumika halianzi safari hivihivi. Kwanza unamwaga oili yote na maji yote ya rejeta. Injini unaisuuza kwa dawa, rejeta unaipiga maji ya mpira mpaka yatoke meupe, ndipo uweke vipya. Kwa sababu hujui aliyetangulia aliweka nini humo ndani.

"Sasa wewe ndiye daktari," akaniambia. "Nisafishe au nisisafishe?"

Pale gereji wananiita Daktari kwa vile nasikiliza injini kwa kuweka mpini wa bisibisi sikioni. Siku hiyo sikuhitaji bisibisi. Nilijua aliyetangulia aliweka nini, kiasi gani, na mkebe aliutoa wapi.

Yule jirani alikuwa sahihi, hilo lazima niseme. Gari usilolijua, safisha. Lakini kwenye gari hili uchafu ndio uliokuwa unashikilia roho. Ukitia dawa ya kusuuzia, tope lililoganda miaka yote litabanduka vipandevipande, litateremka kwenye chujio la chini, na pampu itavuta oili isiipate. Ukiipiga rejeta maji, manjano yatatoka na ufa utafunguka. Na kile kitaa ambacho kingemwambia simama, nilikuwa nimekitia ububu kwa mikono yangu.

Jibu la kweli lilikuwepo. Usilisafishe, wala usiliendeshe, niachie nilifungue lote, mimi ndiye niliyeliharibu. Ni maneno machache, mtoto angeyasema.

Nikasema nusu yake. Nikamwambia asilisafishe, aliache lilivyo, oili ikipungua aongeze, maji yakipungua aongeze.

Akataka kujua sababu. Nikamwaga ufundi wangu wote. Nikamwambia injini kongwe imeshazoeana na uchafu wake, ukiiosha ghafla unaiamshia magonjwa. Yote hayo ni kweli, na ndiyo maana uongo wangu ulikaa vizuri.

"Sijawahi kuona fundi anakataa kazi," alisema. "Mimi mtu akiniletea gauni lililovaliwa, kitu cha kwanza nafumua pindo nione ndani pakoje."

Nikamjibu kwamba gauni halina pistoni. Akacheka, akaikunja karatasi yake mara nne, akaitia kwenye mkoba.

"Haya," akasema. "Wewe ukishasema, kwangu yamekwisha."

Akaondoka na gari lake, anapiga honi mbili kwa furaha. Mimi nikaingia nyuma ya stoo nikakaa juu ya tairi, na nitawaambia bila kuona haya, nililia.

Ijumaa nikajialika kwenye safari ya hospitali. Nilisema nimemkumbuka mama. Ukweli ni kwamba nilitaka kuisikiliza injini ikiwa na mzigo.

Mama alikaa mbele. Alikuwa mpishi wa shule miaka thelathini, amelisha watoto wa watu mpaka leo hii mabwana wazima wanamwamkia njiani. Ugonjwa umempunguza mwili lakini ulimi haujaguswa. Bobini alimsimulia habari ya swali lake na jibu langu, mama akageuza shingo akanitazama.

"Mimi nasuuzwa mara mbili kwa wiki na bado nipo," akasema. "Hilo gari lako lina deko gani?"

Tukacheka wote watatu. Nilicheka kuliko wenzangu.

Kuna kilima kabla ya hospitali, kirefu, chenye kona mbili. Katikati ya kilima nikaona mshale wa joto unapanda. Nikamwambia Bobini aweke pembeni. Nikafungua boneti, nikangoja kidogo, nikazungusha kifuniko cha rejeta taratibu kwa kitambaa. Maji yakaruka kidogo yakanilowesha mikono. Nikaongeza maji ya chupa, mshale ukashuka. Mama akanipa dirishani taulo lake dogo jeupe nijifute. Nikajifuta nikamrudishia.

Sikufikiria. Ningefikiria, ningejifuta kwenye suruali yangu.

Tulipofika, Bobini alikwenda kutafuta pa kuegesha. Mimi nikamsindikiza mama hadi kwenye benchi la korido, mahali wagonjwa wanapongojea kuitwa. Akalitandaza lile taulo juu ya magoti yake. Lilikuwa na alama za vidole vyangu, za rangi ya dhahabu iliyochakaa.

Akainamia akanusa.

"Hii si kutu," akasema.

Nikamwambia ni maji ya rejeta, mama, huwa yana dawa za rangi. Mama akaanza kusema polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma barua.

Aliniambia kwamba miaka miwili nyuma mkebe wake wa manjano ulipotea jikoni. Mkebe wenyewe ulikuwa mpya, aliununua ukaja na kijiko. Wiki ile mimi nilikwenda kumwamkia, nikakaa jikoni peke yangu yeye akiwa uani anaanua nguo. Lakini mimi sikumwingia akilini hata kidogo. Alimshuku Bobini, aliyekuwa anaishi naye. Alimwambia anamega vitu vya nyumbani kuwapelekea rafiki zake. Bobini akaapa, akalia, akaapa tena. Mama alimnunia wiki nzima, chakula wakala bila kusemeshana.

"Mtoto yule hajawahi kunikumbusha," mama akasema. "Hata siku moja. Nami sijawahi kumwomba radhi."

Nilitazama sakafu. Sakafu za hospitali zina michirizi ya matairi ya vitanda, niliihesabu.

"Umelitambua gari hili tangu lini?"

"Tangu siku aliyolileta."

"Na akakuuliza."

"Akaniuliza."

Nikaanza kumweleza mipango. Nitatafuta rejeta nyingine, nitaifunga mwenyewe bila malipo, litakuwa zima, wala Bobini hatajua lolote. Mama aliinua kiganja akanikatiza.

"Sikukuuliza kama utalitengeneza," alisema. "Jumanne nikija hapa nije umeshamwambia. Ukiniachia mimi nimwambie, utakuwa huna tena mdogo wako. Mwambie wewe, huenda ukabaki naye nusu."

Niliitikia. Muuguzi akamwita, akanyanyuka kwa kujikongoja. Alilikunja taulo akalitia kwapani.

Hapa ndugu zangu wasomaji, naomba mnisome taratibu, maana hili ndilo linalonila mpaka leo. Mama aliuliza habari za manjano, nikamjibu habari za manjano. Ile oili nzito sikuitaja. Kile kitaa sikukitaja. Nilimwacha mama yangu mzazi aendelee kupanda gari lile akidhani shida yake ni rejeta tu.

Jumamosi nilikwenda kwenye chumba cha Bobini cha kushonea. Zamani ukiingia mle unapokewa na kelele za mashine tatu. Sasa ilikuwepo moja, na kwenye sakafu kuna alama mbili za mraba ambako zile nyingine zilikuwa zimesimama. Alikuwa anashona sare za shule. Hakusimamisha mguu, alinionyesha kigoda kwa kidevu.

Nilikuwa nimejipanga. Njia nzima nimeyarudia maneno kama mtoto anayetumwa dukani.

"Bobini, kuna jambo."

"Ngoja kwanza nikuonyeshe kitu, nisije nikasahau."

Akainuka akaleta kitambaa kilichounganishwa kwa vipande vya mabaki, vyekundu, vya kijani, vyeupe, kila kimoja kimepigwa pindo. Ni cha kuvisha kiti cha mbele cha gari, kiti cha mama. Alikuwa amekitia sufi mgongoni ili mama asiumie akitoka kwenye mashine, kwa sababu siku hizo mama hutoka mifupa inamuuma. Alisema amekishona usiku mara mbili, mara ya kwanza hakikukaa.

Nikakishika. Kilikuwa kimeshonwa vizuri sana.

"Enhe, jambo gani?"

Nikamwambia nataka aniachie gari siku tatu, niangalie breki.

Mnaona. Hata mimi nilijishangaa. Mdomo wangu una njia yake, ukifika njia panda unapinda wenyewe.

Akasema haiwezekani kabla ya Jumanne, mama atakwenda na nini. Nikasema basi Jumanne, mkitoka hospitali, unaliingiza gereji moja kwa moja. Akakubali. Nikatoka nikijisikia mwepesi, nikajidanganya kwamba nimefanya la maana. Nilijipangia kulifungua lote, niteremshe sampu, lile bakuli la chini linalokaa oili, nikwangue tope, nirudishe kitaa mahali pake, nifunge rejeta nyingine. Kisha nikishamaliza, gari likiwa zima, ndipo nimwambie. Nilitaka kuungama nikiwa tayari nina cha kumpa mkononi.

Jumatatu kutwa nilikuwa sokoni kwa wauza vipuri, nazungukia rejeta. Nikapata moja nzuri. Jioni nikaiegemeza kwenye ukuta wa stoo, nikaifunika gunia.

Jumanne, saa moja na robo asubuhi, simu ikaita. Bobini. Sauti ilikuwa inatoka mbali kidogo na simu, nikajua yuko garini na mama ndiye aliyeishika simu.

"Kaka, nina ungamo," akasema. "Usinikasirikie."

Nikacheka kidogo. Nikamwambia aseme.

"Jana nimelisafisha."

Nilikuwa nakunywa chai. Nikakiweka kikombe chini, na nakumbuka nilikiweka vizuri kabisa, katikati ya sahani yake.

Alieleza yote kwa pumzi moja. Kwamba ule mshale wa Ijumaa ulimtia hofu, mama yumo ndani. Kwamba jirani alimpeleka kwenye sheli moja wanakofanya huduma hizo, wakamwaga oili, wakasuuza injini kwa dawa, wakaweka oili nyepesi mpya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Rejeta wakaipiga maji ya mpira.

"Maji yametoka ya njano, kaka, utadhani mchuzi. Watu wa pale wamecheka mpaka basi. Nami nikacheka. Sijui nani aliwahi kupikia humo."

Mama hakucheka.

"Nami nilijua kwa nini ulinikataza," Bobini akaendelea, na sauti ikalainika. "Hukutaka niingie gharama wala hukutaka kuniambia nikulipe. Ukaona bora useme liachwe. Nakujua mimi. Ndiyo maana nimeenda kimyakimya, nisikutie kwenye mizani."

Hivyo ndivyo alivyoyatafsiri maneno yangu. Alikaa na uongo wangu akaugeuzageuza mpaka akaona ndani yake wema.

Nilitaka kumjibu, lakini nyuma ya sauti yake kulikuwa na sauti nyingine. Tiki, tiki, tiki. Chuma kinagusana na chuma bila kitu katikati.

"Gari lina mlio?" nikauliza.

"Kidogo. Kama cherehani iliyokauka. Umeanza tulipotoka nyumbani."

"Taa yoyote imewaka?"

"Hakuna. Nimeangalia vizuri, dashibodi safi kabisa."

"Liweke pembeni ulizime."

"Tuko kwenye kilima, kaka. Kona moja tu imebaki. Mama asije akakosa kiti."

"Bobini, zima gari."

"Kwa nini, na hakuna taa iliyowaka?"

Bado nilikuwa na nafasi ya kusema jambo lingine. Uongo ulikuwepo, tena zaidi ya mmoja, nimeishi na uongo wa magari miaka kumi na tano. Ila mlio ule ulikuwa unaongezeka, na mama yumo.

"Haiwaki kwa sababu niliikata mimi," nikasema. "Gari hilo nililitengeneza mimi kabla halijauzwa. Nililitambua siku uliyolileta. Zima."

Tiki, tiki, tiki.

Aliyesema kwanza ni mama. Sauti yake ilikuwa karibu sana na simu, kama ananinong'oneza sikioni.

"Uliniambia manjano tu."

Kisha nikamsikia Bobini. Hakuwa anasema na mimi.

"Mama, ulikuwa unajua?"

Mama akaanza kumjibu, akamwita kwa jina lake la kuzaliwa, jina ambalo halitumiki nyumbani kwetu ila kukiwa na msiba. Sikusikia alichosema. Injini iligonga mara tatu, nzito, kama mtu anayebisha mlango. Halafu ikanyamaza. Nikasikia breki ya mkono ikivutwa, na simu ikakatika.

Nilipiga mara nane. Iliita, haikupokewa. Mara ya tisa ilikuwa imezimwa.

Nikachukua pikipiki ya fundi umeme wa pale gereji bila kumwomba, nikaenda. Njiani najisemesha kama mwehu. Nitampakia mama, nitamfikisha kwa muda, kiti atakipata. Mengine baadaye, atanitukana baadaye, ana haki yake.

Gari lilikuwa kwenye kona ya pili, limeegeshwa vizuri pembeni, mawe mawili yamewekwa nyuma ya matairi. Milango imerudishiwa tu, vioo vimepandishwa. Boneti lilikuwa bado la moto. Chini ya rejeta maji yalikuwa yanadondoka, safi, meupe, kama jirani alivyotaka.

Ndani hamkuwa na mtu.

Ufunguo ulikuwa juu ya kiti cha dereva. Kile kitambaa cha vipande hakikuwepo, kiti cha mama kilikuwa kitupu, ngozi yake imepasuka. Niliingia, nikauchukua ufunguo nikauzungusha. Injini haikujibu, ilikuwa imejikaza.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi viatu, mwanamume wa makamo, miwani imefungwa uzi. Nikamuuliza. Akasema ameona kinamama wawili, mmoja mgonjwa. Yule mdogo alishuka kwanza, akatembea mbele peke yake kama hatua ishirini, akasimama amewapa mgongo watu wote. Kisha akarudi. Akamfungulia mgonjwa mlango, akamvisha kile kitambaa mabegani, akamshika. Hawakuwa wanazungumza.

"Wakaondoka na nini?" nikamuuliza. "Basi au teksi?"

"Gari la mizigo. Dereva alisimama, wakapanda mbele."

"Wakaelekea hospitali."

Fundi viatu akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. Akaniambia yeye anavyokumbuka, gari lile liligeuza palepale kwenye kona. Liliteremka. Hospitali ni kupanda.

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema anashona viatu, hahesabu magari, lakini aliloliona ndilo hilo, na yule mgonjwa alikuwa ametikisa kichwa mara nyingi kabla ya kupandishwa. Hakujua kama alikuwa anakubali au anakataa.

Nilirudi kwenye gari nikasimama. Teremko lile linakwenda njia tatu. Moja ni nyumbani kwao. Ya pili ni kituo cha mabasi ya mbali. Ya tatu inakwenda gereji kwangu, na huko ndiko nilikotoka, na sikupishana na gari lolote la mizigo.

Saa mbili na nusu simu ikatetemeka mfukoni. Niliitoa kwa pupa mpaka ikataka kuanguka. Haikuwa Bobini. Ilikuwa namba ya hospitali.

Ni muuguzi wa wodi ya mashine, nilimtambua kwa sauti. Alisema samahani kwa usumbufu. Alisema kwenye faili la mama mtu wa kupigiwa kwanza ni mimi, mama mwenyewe ndiye aliyeniandikisha, tangu mwanzo. Alisema kiti namba nne kipo wazi, muda umeshakwisha, na mlangoni kuna mzee anangoja kwa matumaini.

"Nimshikilie au nimpe huyu?" akauliza. "Mama yako yuko wapi?"

Wiki nzima ile nilikuwa nimeulizwa maswali nikiwa na majibu yake mfukoni, nikayaficha. Hili sikuwa na jibu lake.